Sinema Iliyotuondosha Mbele ya Rundo

Mama yangu aligoma kwa kukaa kitako. Nalisema hili mwanzo kabisa, kabla mtu hajanikatiza, kwa sababu nimeshakatizwa sana. Hakupiga kelele, hakushika fimbo, hakumtukana mtu. Alitandika kipande cha jamvi mbele ya rundo la karafuu mbichi katika uwanja wa mwenye shamba, akakaa, akaweka mikono yake mapajani, na wanawake wenzake kiasi cha kumi wakakaa nyuma yake. Mimi nilikuwa ubavuni mwake, msichana wa miaka kumi na sita, na nilichokiona nakijua. Anayetaka kunambia kwamba waliogoma ni wanaume, ati kwa kuwa yeye aliwaona kwenye sinema, namwomba aweke chini kikombe changu cha chai aende kwao.

Hayo yalitokea Pemba, upande wa Ole, mwisho wa miaka ya hamsini, msimu mkubwa ambao mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakainama. Wanaume walipanda juu. Wanawake tulichuma matawi ya chini, tukiyavuta taratibu kwa upembo, ule mti wenye ncha ya ndoano, maana tawi la mkarafuu likivunjika leo, mwakani huna kitu. Jioni mashada yote, ya waume na ya wake, yalimwagwa katika uwanja wa mwenye shamba, na hapo wanaume waliketi pembeni kupumzika na wanawake tukaanza kuchambua. Kuchambua ni kuitenga karafuu na makonyo yake, kishada baada ya kishada, unakisukuma kwenye kiganja mpaka ngozi inakuwa nyeusi na inawasha. Hakuna mwanamume aliyekuwa akichambua. Ilikuwa kazi ya wanawake, na haikuhesabiwa kuwa ni kazi.

Baada ya hapo nokoa, msimamizi wa shamba, alipima, na mchumaji akalipwa kwa pishi. Sasa pishi ina namna mbili. Ya mfuto unaijaza, unapitisha kijiti juu yake, kilichozidi kinarudi kwa mwenyewe. Ya tele haina kijiti. Nokoa wetu alijaza, akaongeza kwa viganja, akaongeza tena, mpaka pishi ikaota kichuguu, na karafuu zilizoporomoka zikaangukia jamvi la mwenye shamba zikawa mali ya mwenye shamba. Kila siku zilikuwa zikiporomoka nyingi.

Wanaume walikuwa wakijua. Njiani walinung'unika kama watu watakaofanya jambo, wakifika uwanjani wakawa na adabu kama bwana harusi. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Nimpe haki yake, walikuwa na cha kuogopa: mihogo yetu ilikuwa chini ya mikarafuu ya bwana yule, kwa hisani yake, na hisani akiiondoa tunalala njaa. Tena huyo mwenye shamba hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa Mpemba mwenzetu, jamaa ya baba kwa upande wa bibi yake, kanzu yake ina kiraka begani, anasali safu moja na baba na wakitoka msikitini wanashikana mikono. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na wao walikijua kilichowala.

Siku moja mama alimwambia nokoa, "Pima kwa mfuto." Nokoa akacheka. Kesho yake mashada yakamwagwa kama kawaida, na wanawake wakakaa mbele yake wasichambue.

Asiyejua karafuu ataona ni jambo dogo. Karafuu mbichi ikirundikwa na makonyo yake inapata moto. Huioni ikiungua, moshi hakuna, lakini ndani ya rundo joto linapanda, karafuu zinachacha, zinakuwa laini na rangi inapotea, na ukizianika baadaye zinatoka nyeupe nyeupe, hazina mafuta wala hazina mnunuzi. Mama alilijua hilo na nokoa alilijua. Basi walikuwa wanatazamana tu, na rundo linafanya kazi yake. Wanawake walipika mihogo pale pale uwanjani, wakanyonyesha pale pale. Baba alikuwa nyumbani barazani na waume wengine wawili watatu, na mara mbili aliniita nipite aniulize chakula chake kiko wapi. Nilimwambia kiko uwanjani, aje akile. Hakuja.

Siku ya pili baada ya adhuhuri nokoa alitia mkono ndani ya rundo akautoa upesi. Harufu ya kuchacha ilikuwa imeshaanza. Mwenye shamba akaja mwenyewe, akachuchumaa mbele ya mama, akasema, "Dada yangu, karafuu zinateketea." Mama akamwambia, "Tupimie kwa mfuto, mbele ya watu hawa, useme na mwakani itakuwa hivyo." Akasema. Tukachambua mpaka vidole vikatoka damu, tukaokoa karafuu zake zilizokuwa bado zinaokoleka, na msimu ule wote tukapimiwa kwa mfuto. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Haina fimbo hata moja.

Habari zilisafiri. Zilifika Chake Chake, zikavuka hadi Unguja, na huko zikamfikia Mzungu mmoja aliyekuwa akitengeneza sinema za kuwafunza watu wa mashamba. Alitaka kutoa mafunzo juu ya wachumaji na wenye mashamba, namna ya kugombana na kupatana. Alikuja msimu wa vuli, yeye na mashine zake kwenye gari mbili, na msaidizi wake, kijana wa Unguja mjini, suruali imepigwa pasi na nywele zina njia. Yule Mzungu sikumchukia sana, maana hakujua kitu. Yule msaidizi nilimchukia tangu aliposhuka garini na kuanza kucheka tunavyosema. Kila mama alipotamka neno, yeye alilirudia kwa sauti yake ya mjini, kama mtu anayeokota kitu chini na kukipangusa.

Walikuja kwetu. Mama aliwaeleza yote akiwa ndani ya mlango na pazia katikati, na msaidizi akaandika. Alipomaliza, yule kijana akasema, "Bi, haya mambo ni makubwa. Utatuchezea mwenyewe. Wewe na wenzako, kama ilivyokuwa."

Msomaji wa leo hatajua lile lilikuwa jambo gani. Mwanamke wa shamba, mtu mzima, mke wa mtu, aliyejitanda tangu utotoni, uso wake ukatazamwe na wanaume wa mji kwenye shuka nyeupe? Baba alisema haiwezekani. Mama hakubishana naye. Alichukua mkeka mdogo mpya aliousuka mwenyewe akaenda nao kwa Shehe wa msikiti wetu, akamuuliza kama kuna dhambi. Shehe alifikiri sana, akamjibu kwamba picha ni kivuli, na maadamu amejisitiri na analolisema ni kweli, hakuna ubaya wa kukionyesha kivuli cha haki. Mama alirudi akiwa amenyooka. Aliniambia, "Miye sitaki kuonekana. Nataka lionekane lile tulilolifanya, asije mtu kesho akalikana." Alikuwa anamfikiria mwenye shamba, aliyesema "na mwakani" mbele ya watu wa kijiji tu. Alitaka aliseme mbele ya kisiwa kizima. Hilo ndilo alilolitaka, na hakutaka zaidi.

Wanawake walifua kanga zao. Siku ilipofika rundo likamwagwa, wakakaa kama walivyokaa, na mama mbele. Mashine ikalia kidogo, ikanyamaza. Mzungu akamwuliza msaidizi kitu, msaidizi akamwuliza mama.

"Bi, mtasimama saa ngapi?"

"Hatukusimama."

"Sasa mlifanya nini?"

"Tulikaa."

"Ndiyo, halafu?"

"Halafu tulikaa."

Walizungumza wenyewe kwa wenyewe. Mzungu alizunguka rundo, akalitazama kwenye kioo cha mashine, akatikisa kichwa. Mama, maskini, alidhani hawakufahamu. Akainuka, akamshika msaidizi mkono, akautia ndani ya rundo ili asikie joto linavyoanza. Msaidizi akautoa akaufuta kwa leso. "Bi, nimefahamu," akasema, "lakini joto halipigiki picha. Mtu aliyekaa mbele ya karafuu anaonekana amechoka tu. Tutawatia wanaume wenye fimbo, waende kwa mwenye shamba kwa hasira. Hapo hata mtoto atajua ni mgomo."

Mama akauliza, "Na siye?"

"Nyinyi mtakuwa majumbani, mnawapelekea chakula."

Nasema kweli, kama ningekuwa na upembo mkononi ningemchoma nao. Mama alirudi akakaa pale pale mbele ya rundo, na ikabidi waombe rundo jingine wapigie picha upande wa pili wa uwanja.

Ukafuata uchaguzi wa nyuso, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kusimama kwao akaambiwa si wa kwao. Zama zile siasa ilikuwa imeshaanza kuwauliza watu kabila kabla haijawauliza hali, na wale watu wa sinema walikuja na ugonjwa huo huo. Walipanga wanaume wetu mstari, wakawapitia kama mtu anayechagua ndizi sokoni. Mzee mmoja jirani yetu, aliyechuma tangu meno ya utoto, nyayo zimepasuka kwa kupanda, akaondoshwa. Msaidizi akasema rangi yake nyeupe mno na pua yake ndefu, watazamaji watamdhani ni mwenye shamba. Yule mzee aliondoka akiuliza, "Sasa miye nifanane na nani?" Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Badala yake wakaletwa wachukuzi kutoka bandari ya Wesha, watu wa bara wenye vifua, watu wazuri tu, sina ugomvi nao, ila mkarafuu walikuwa wakiuona kwa mbali wakipakia magunia. Wakapandishwa. Wakavunja matawi kama wanakata kuni, na baba na wenzake chini wakashika vichwa. Mmoja wao akafanywa kiongozi wa wagomaji. Nyuma yake walitiwa baadhi ya waume wetu waliokubalika rangi zao, na baba yangu akiwamo. Akapewa fimbo. Yule yule aliyeuliza chakula chake kiko wapi.

Mke wa kiongozi alikuwa msichana kutoka Unguja, mwalimu, mzuri, meno yote kinywani. Alifunga kanga kimjini, na karafuu alizichuma moja moja kwa ncha za vidole, kama asumini ya kutia kitandani. Na mwenye shamba? Walitaka Mwarabu wa kutisha, mwenye joho na jambia na tumbo. Mwenye shamba wetu, mwembamba na kiraka chake, hakufaa hata kidogo. Wakamchukua ndugu wa muuza nguo mmoja Baniani wa Madungu, pale Chake Chake, mtu mpole aliyekuwa akitupimia kaniki na kuongeza nusu shubiri asiulizwe, wakambandika ndevu, wakamwamuru apige kelele. Kila alipomaliza kupiga kelele aliwaomba radhi wachumaji. Hata msamaha wake hawakuupiga picha.

Basi hivyo: Mpemba hakuwa mchumaji, Mpemba hakuwa mwenye shamba, na mwanamke wa Kipemba hakuwa mtu. Sote tuliopigana na sote tuliodhulumiana tulikuwa tumesimama pembeni ya uwanja wetu wenyewe, tunatazama.

Nilitamani niishie hapo, niwalaumu wao peke yao. Nimejaribu kuisimulia hivyo miaka mingi. Lakini msaidizi alitupitia wasichana, akasimama mbele yangu, akauliza, "Wewe binti, unajua kubeba chungu kichwani bila kukishika?" Nikasema najua. Akasema nitakuwa binti wa kiongozi, niwapelekee wagomaji uji. Nitapewa kanga mpya doti nzima, yangu.

Nilimtazama mama. Alikuwa bado amekaa. Akasema, "Chagua mwenyewe." Angenikataza ningekataa, nina hakika na hilo, na nina hasira naye mpaka leo kwa kutonikataza. Nilijidanganya kwamba kama mimi nimo basi na yeye yumo kidogo. Uongo. Nilitaka ile kanga, na nilitaka yule msaidizi niliyemchukia anitazame tena. Nikabeba chungu. Nikapita mbele ya mama yangu na chungu cha uji kichwani, nikawapelekea wanaume wenye fimbo, na baba akapokea kata akanywa. Chungu kilikuwa na maji. Tulirudia mara tatu.

Sinema ilirudi miezi mingi baadaye. Gari lake liliegeshwa kwenye kiwanja cha Madungu, shuka ikafungwa kwenye miti miwili, na mara baada ya sala ya magharibi watu walikuwa wamejaa. Kutoka kwetu tulikwenda kwa miguu na kwa baskeli, kijiji karibu kizima. Mama naye alikwenda. Alisema anataka kuona walichofanya.

Picha zilikuwa hazina sauti. Msaidizi mwenyewe alisimama kando ya gari na kipaza sauti akizieleza. "Tazameni wachumaji wa Pemba," akasema, na wakatokea wachukuzi wa Wesha. Watu wa mji wakapiga makofi. Akatokea Mwarabu mwenye jambia, watu wakazomea, na aliyezomea kwa sauti kubwa kuliko wote, amekaa mkeka wa mbele kabisa na kanzu yake yenye kiraka, alikuwa mwenye shamba wetu. Alizomea kwa moyo. "Huyu dhalimu kweli," aliwaambia waliokuwa karibu yake, na waliokuwa karibu yake wakaitikia. Sijapata kuona mtu aliyesafishwa upesi namna ile, hata kwa maji ya zamzam.

Wanaume wakainua fimbo. "Wanaume wakachoka na dhuluma," kikasema kipaza sauti. Kijiji chetu kikapiga kelele walipomwona baba. Alionekana mkali, mrefu, kama mtu mwingine. Kisha nikatokea mimi na chungu changu. Msichana wa sinema alikuwa mzuri kuliko mimi. Alitabasamu na kuinamisha kichwa, na watu wakasema, "Mashaallah." Mwisho akaja bwana mmoja wa serikali, kaptura na soksi ndefu, akasimama kati ya wanaume na Mwarabu, akawashikanisha mikono. Taa ikazimwa. Hapakuwa na rundo. Hapakuwa na mwanamke aliyekaa.

Njia nzima kurudi Ole baba alisema kwa niaba ya wote. Alianza kwa utani, "Mliniona?" Tulipofika kwetu alikuwa hatanii tena. Wiki ile ile nilimsikia barazani akiwaambia wageni, "Siye tulipomwendea..." Nikasimama mlangoni nikamkodolea macho. Akanitazama, akaendelea.

Lililoniuma zaidi ni wanawake. Nilidhani wao watakasirika. Walikasirika siku mbili. Kisha ikawa mmoja anasema, "Kweli, na wanaume walisaidia." Mwingine anasema pengine walikwenda kwa mwenye shamba kwa siri, siye hatukujua. Shangazi yangu, aliyekaa nyuma ya mama siku zote mbili na mtoto ziwani, alianza kuuliza kama ilikuwa siku mbili au ni mchana mmoja tu. Sinema ilikuwa ikirudi tena na tena kwa lile gari lake, Wete, Mkoani, Chake tena, na kila ilipopita iliwaondoa wengine. Nilibishana nao kisimani mpaka wakaniita mwenye mdomo. Mama hakubishana. Alisema, "Msimu utakuja, pishi itasema."

Msimu mkubwa ukaja. Siku ya kwanza tulichuma, tukamwaga, tukachambua, na nokoa akaanza kupima. Wanaume aliwapimia kwa mfuto, mmoja mmoja, kwa heshima. Ilipofika zamu ya wanawake akaweka kijiti chini, akajaza kwa viganja mpaka zikaporomoka.

Mama akasema, "Tulipatana mfuto."

"Nilipatana na wanaume," mwenye shamba akamjibu. Alisema kwa upole, wala hakuonekana kudanganya; nadhani alikuwa ameshaamini. "Dada yangu, wanaume waligoma, wanaume wakapata haki yao. Nyinyi lini mligoma? Kisiwa kizima kimeona."

Mama aligeuka kumtazama baba. Baba alikuwa ameshika kikapu chake, kimeshapimwa. Akasema, "Tusianze fitina leo." Mama akawatazama wanawake. Shangazi alikuwa anafunga mtoto mgongoni, fundo lake lilichukua muda mrefu.

Kesho yake mashada yalipomwagwa, mama alitandika jamvi lake mbele ya rundo akakaa. Alikaa peke yake. Mimi nikakaa ubavuni mwake, nafurahi kulisema hilo, nilikaa. Wengine walizunguka upande wa pili wa rundo, wakaanza kuchambua kutoka huko, hawatutazami. Rundo halipati moto likiwa linachambuliwa upande mmoja. Nokoa hakuwa na wasiwasi hata wa kuja kulishika.

Nilisimama. Nilisema mbele ya wote, waume kwa wake, kwa sauti niliyokuwa nayo, kwamba waliokaa pale ni wanawake, kwamba nilikuwako, kwamba walikaa siku mbili na hapakuwa na fimbo, na nikamtaja kila mmoja na mahali alipokaa.

Nokoa alinisikiliza vizuri. Akauliza, "Weye ndiye uliyekuwa na chungu?"

"Ndiye," akasema mtu. Wakaanza kucheka, si kwa ubaya, walikuwa wanacheka kama watu wanaomkumbusha mtoto jambo alilosahau. "Si tulikuona kwa macho yetu," shangazi akaniambia, tena kwa huruma, "unawapelekea uji?" Na wote wakaniangalia wakisubiri niseme kwamba yule msichana hakuwa mimi.

Ile kanga nilikuwa nimeivaa.

Mama alinivuta mkono nikakaa. Alisogeza jamvi karibu na rundo, akachukua kishada, akakisukuma kwenye kiganja chake. "Chambua," akaniambia, "kabla hazijapata moto." Nikachambua. Tulipomaliza nokoa alitupimia pishi ya tele, ya mama kwanza, kisha yangu.